Mzigo Kwenye Barabara Iliyozama

Hadithi hii nimeipata kwa mtu wa Ludendele, naye aliipata kwa mtu aliyekuwepo. Naiweka hapa kama ilivyonifikia. Kama una haraka, iache kwanza. Uisome ukiwa umekaa.

Ludendele ni mji mdogo wa milimani, kwenye baridi ya nyanda za juu, mahali ambapo asubuhi watu hupika uji wakiwa wamejifunga blanketi. Chini ya mji kuna bwawa kubwa la umeme. Mgeni akisimama kilimani akaliangalia, atasema ni ziwa aliloliumba Mungu. Sivyo. Zamani mji wenyewe ulikuwa pale chini, Ludendele ya kwanza, wenye kanisa, mashine ya kusaga na mashamba ya ngano. Mradi ulipokuja, watu walihamishiwa juu, mto ukazibwa, na maji yakapanda taratibu mpaka yakafunika kila kitu.

Waendesha baiskeli wanazipenda sana barabara za bwawa lile. Kuna inayopita juu ya ukuta wa bwawa, fupi na tambarare, ambayo hata wazee wanaiweza. Kuna inayopanda katikati ya mashamba ya chai. Halafu kuna ile ndefu, inayozunguka bwawa lote. Hiyo huanza na chai, ikaingia kwenye msitu wa misonobari upande wa nyuma ambako hakuna nyumba hata moja, kisha ikarudi mjini kwa daraja la mbao.

Katikati ya misonobari hiyo kuna mahali ambapo barabara ya zamani inaachana na ya sasa. Inashuka upande wa kushoto, lami yake imepasuka na majani yameota kwenye nyufa, inakwenda moja kwa moja mpaka ndani ya maji. Hakuna kizuizi wala kibao. Watu wanapaita Njia ya Maji. Wenyeji wakifika pale hupunguza mwendo na kuacha kuongea. Ukiwauliza sababu, watakuambia kuna kona mbaya.

Hakuna kona pale. Pamenyooka kabisa.

Mwendeshaji hodari kuliko wote mjini alikuwa Desideri Mligo, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Alikuwa na baiskeli nyepesi ya mashindano ambayo aliipangusa kila jioni kwa kitambaa laini. Mkewe Eletruda alikuwa akimtania kwamba hata yeye hajawahi kupanguswa uso kwa upole ule.

Desideri hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mchoyo, hakuwa mgomvi. Ila alikuwa mtu wa mbio, na alikuwa na neno lake moja. Ukimwomba akushikie ngazi, angesema, "Nikirudi." Ukimwambia mtoto analia, "Nikirudi." Mama mkwe wake alipotaka kusindikizwa kituoni na mabegi yake, alijibiwa hivyohivyo kwa tabasamu, naye akaenda kituoni mwenyewe. Mara nyingine Desideri alirudi kweli. Lakini alikuta ngazi imeshatolewa, mtoto ameshalala, basi limeshaondoka. Basi akaona mambo hujimaliza yenyewe.

Mwaka huo yalitangazwa mashindano makubwa ya kuzunguka bwawa, siku ya Jumamosi. Mshindi angechukuliwa kambini kufanya mazoezi na timu ya taifa. Kambi ile haikuwa ikipokea watu waliovuka umri fulani, na Desideri alikuwa ameukaribia. Alijua kabisa kwamba akiikosa nafasi hiyo haipati tena.

Siku ya Alhamisi, jua likiwa limeshatoka, aliondoka na rafiki yake Kastori, muuza mbegu, kwenda kuizunguka njia ndefu kwa mara ya mwisho kabla ya mashindano. Walipokuwa wanapanda kwenye chai, tairi la Kastori likaishiwa upepo.

"Pancha," alisema Kastori akishuka. "Ningoje kidogo, Desi. Angalia kule mbele, ukungu unashuka. Tupite pamoja."

"We ziba taratibu. Nikirudi nitakukuta hapahapa."

"Utarudije huku, na njia inazunguka?"

Desideri alicheka, akainama juu ya usukani, akapotea kwenye kona.

Ukungu alikutana nao mlangoni mwa msitu. Haukuwa ule wa kila siku unaopita kwa vipande. Huu ulikuwa umetulia, mweupe, kama chumba kilichofungwa. Miti ya karibu aliiona, ya nyuma yake hakuiona. Kitu cha kwanza kilichomshangaza ni ukimya. Msitu ule huwa na kunguru wengi, lakini asubuhi ile hakusikia hata mmoja. Hata matairi yake mwenyewe hayakutoa sauti juu ya lami.

Alipokaribia Njia ya Maji alimwona mwanamke mzee amesimama kwenye ile barabara ya zamani, hatua chache tu kutoka njia kuu. Alivaa kaniki, na miguu yake ilikuwa mitupu. Mbele yake chini kulikuwa na mzigo mdogo uliofungwa kwa kamba ya magome. Maji ya bwawa yalikuwa mbali, huko chini nyuma yake.

"Kamwene, mwanangu," alisema yule mzee.

"Kamwene, bibi."

"Nisaidie kunitwisha mzigo huu. Sikuombi unibebee. Nitwishe tu."

Desideri alitupa jicho kwenye kisaa cha mwendo kilichofungwa kwenye usukani. Alikuwa anakwenda vizuri, kuliko siku zote.

"Nikirudi, bibi!"

"Haya," alisema yule mzee. "Nakusubiri."

Akapita. Kutoka pale hadi daraja la mbao si mbali. Unashuka, unapinda mara mbili, unasikia mbao zinagonga chini ya magurudumu. Alishuka. Akapinda. Akapinda tena. Daraja halikuja. Yakaja misonobari mingine, ukaja mwinuko ambao hakuukumbuka, na alipomaliza kuupanda akaona mbele yake lami iliyopasuka ikishuka kushoto, na kaniki nyeusi ndani ya weupe.

Akadhani amekosea njia. Watu hupotea kwenye ukungu, ni jambo la kawaida.

Mzee alikuwa amesimama palepale. Lakini maji sasa yalikuwa yamefika kwenye nyayo zake. Mzigo alikuwa ameuinua kidogo, ameushika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Umerudi," alisema.

"Nimepotea kidogo, bibi. Ngoja kwanza niione njia. Nikirudi nakutwisha."

"Haya. Nakusubiri."

Safari hii hakumtazama machoni. Alikanyaga kwa nguvu, na alipokuwa anashuka akajiuliza: maji ya bwawa yanapandaje namna ile, kiangazi, bila mvua? Akajijibu kwamba labda mzee ndiye aliyeshuka, si maji yaliyopanda. Jibu hilo lilimtosha mpaka alipoona tena ile lami iliyopasuka.

Maji yalikuwa magotini kwa mzee. Naye alikuwa palepale, mbele ya msonobari uleule uliopinda.

"Nitwishe, mwanangu."

Desideri aligeuza baiskeli akarudi alikotoka, akiamini kwamba akienda kinyume atafika kwenye chai na kumkuta Kastori ameshika pampu. Alikanyaga mpaka mapaja yakawaka moto. Alimwita Kastori kwa sauti kubwa, na sauti yake ikafia mbele ya mdomo wake, kama mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. Aliwaza chai, aliwaza harufu ya majani yake. Msitu ukafunguka kidogo, moyo wake ukaruka kwa furaha.

Ilikuwa Njia ya Maji, tena sasa ikiwa upande wake wa kulia.

"Nitwishe," alisema mzee. Maji yalikuwa kiunoni.

Sasa tuseme ukweli. Mara ya kwanza Desideri hakusimama kwa sababu ya haraka. Safari hii haraka ilikuwa imekwisha, wala mashindano hakuyakumbuka. Hakusimama kwa sababu ya hofu. Alijiambia kwamba yule si mtu, na kwamba akishuka kwenye baiskeli hatapanda tena. Kwa hiyo akasema lile neno lililokuwa karibu na ulimi, na safari hii alilisema kama mtu anayeomba asamehewe.

"Nikirudi, bibi. Nikirudi."

"Haya."

Akaendelea kuzunguka. Mara ngapi, hakuweza kusema baadaye. Kisaa cha mwendo kilikuwa kimesimama, hakikuongeza hata kidogo. Alikunywa maji kwenye chupa, na chupa haikupungua. Alijishika kidevu akakuta ndevu, ilhali alinyoa asubuhi. Kisha akatazama vidole vyake juu ya breki akaona vimekunjamana na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyeshinda anafua. Lakini mikono yake ilikuwa mikavu.

Ndipo aliposikia kitu cha kwanza tangu aingie msituni. Ulikuwa mnyororo usio na mafuta, ukilia nyuma yake. Kwii, kwii, kwii.

Mtu alikuwa anakuja. Desideri karibu alie kwa furaha. Akapunguza mwendo ili wawe sambamba. Alikuwa mwanamume juu ya baiskeli nzito nyeusi yenye keria, zile za zamani. Alivaa kaptura ya kaki na shati lenye mifuko miwili, na begani alikuwa na mkoba wa ngozi. Kichwa alikuwa amekiinamisha.

"Kaka! Habari za asubuhi. Mji uko upande gani?"

"Nina haraka," alisema yule mtu.

"Nami pia. Lakini tumepotea, kaka. Hii njia tunaizunguka tu."

"Karibu nafika. Nina haraka."

Akampita bila kuinua uso. Desideri akamfuata kwa nyuma, kwa sababu mgongo wa mtu ni afadhali kuliko ukungu mtupu. Wakaikaribia Njia ya Maji pamoja. Mzee alikuwemo ndani ya maji mpaka kifuani. Mzigo alikuwa ameunyanyua kwa mikono yote miwili juu ya maji, mikono imenyooka.

"Nitwishe, mwanangu," alimwambia yule mtu wa baiskeli nyeusi.

Yule mtu alijibu bila kugeuka, kwa sauti ya upole, sauti ya mtu mwema mwenye shughuli nyingi.

"Nikirudi, mama."

Desideri aliitambua sauti ile. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Si kwamba ilifanana na ya kwake. Yule mtu alikuwa na lafudhi nyingine na koo jingine. Ila ule upole, ule wepesi, ule uhakika kwamba mambo yatangoja, ulikuwa wake. Akaitazama kaptura ile ya kaki ambayo haikuwa inashonwa tena tangu baba yake alipokuwa kijana. Akaelewa huyu mtu amezunguka kwa muda gani.

Akashika breki.

Miguu ilipogusa lami alitegemea ardhi ipasuke, au mkono umvute. Hakikutokea kitu. Ilikuwa lami tu, imelowa umande. Aliilaza baiskeli yake pembeni, ile baiskeli asiyekubali hata mtoto wake aiguse, akashuka kwenye barabara ya zamani akaingia majini. Maji yalikuwa ya baridi kali, yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Chini ya viatu vyake alihisi lami bado inaendelea kushuka.

Alipomfikia alimwona uso. Ulikuwa uso wa mzee wa kawaida, umechoka, una chale mbili ndogo za ujana kwenye mashavu.

"Nisamehe, bibi," alisema Desideri.

"Nitwishe kwanza."

Akaushika mzigo, akakaza mgongo kama anayeinua geti la chuma. Nusura aanguke kinyumenyume. Mzigo haukuwa na uzito wowote. Ulikuwa mwepesi kama kapu la manyoya ya kuku. Angeweza kuuinua kwa mkono mmoja bila hata kushuka kwenye baiskeli.

"Mbona ni mwepesi hivi?"

"Sikukuambia ni mzito."

"Sasa kwa nini hukujitwisha mwenyewe?"

Mzee alimtazama kidogo.

"Huyu ni mwanangu Yusta," alisema. "Walipotuambia maji yanakuja, nilishuka kumtoa kaburini, nimpeleke juu tunakohamia. Nilimfukua mwenyewe. Nilimfunga mwenyewe. Nikamfikisha hapa barabarani mwenyewe. Nikaona, kumwinua tu, basi, awepo na mtu mwingine. Mtu mmoja tu. Asije akazikwa mara mbili na asiwepo mtu."

Desideri aliuweka mzigo juu ya kichwa cha mzee, taratibu, akausawazisha, akaushikilia mpaka alipoona umetulia. Kisha akamshika mkono wakapanda pamoja kutoka majini.

Huku nyuma yao mnyororo ukasikika tena. Kwii, kwii. Yule mtu wa kaptura ya kaki alikuwa amezunguka, anakuja. Desideri akasimama katikati ya barabara akanyoosha mikono.

"Shuka, kaka! Ni mwepesi! Shuka tu umshike mkono, basi, uende zako!"

Kwa mara ya kwanza yule mtu akainua uso. Hakuwa mzee. Alikuwa wa umri wa Desideri hasa, mwenye macho mekundu ya mtu asiyejua usingizi. Midomo yake ikatabasamu.

"Nikirudi," alisema, na akapita pale Desideri alipokuwa amesimama, kama baridi inavyopita mlango ukifunguliwa. Ukungu ukamfunika, sauti ya mnyororo ikaendelea kidogo, ikaisha.

"Ni nani yule?" aliuliza Desideri.

"Tarishi wa mradi. Siku ile alitumwa kuhakikisha watu wote wametoka. Aliniona. Alisema atarudi na gari."

"Kwa nini usimwambie ashuke?"

"Namwambia," alisema mzee. "Kila akipita namwambia."

Waliondoka, mzee mbele na mzigo wake, Desideri nyuma akisukuma baiskeli. Njiani alimuuliza Yusta alikuwa mtoto wa namna gani, naye akasema alikuwa mtoto wa kucheka hovyo, na aliogopa kuku. Walitembea mpaka mbao za daraja zikagonga chini ya miguu yao. Ng'ambo ya daraja, mahali ambapo makaburi mapya ya mji yanaanza, mzee akasimama.

"Hapa panatosha. Nitue."

Desideri aliegemeza baiskeli kwenye nguzo, akaupokea mzigo kwa mikono miwili. Aligeuka kidogo tu kutafuta mahali pakavu pa kuuweka. Alipogeuka tena palikuwa na njia tupu, jua limechomoza juu ya misonobari, na kunguru wanapiga kelele kama kawaida yao.

Aliiacha baiskeli palepale, akashuka mjini kwa miguu, amelowa mpaka kifuani, amekumbatia ule mzigo. Kwenye duka la mbegu alimkuta Kastori, ndiyo kwanza amerudi na baiskeli yake, pampu ingali mkononi.

"Desi! Sasa hivi tu tumeachana kule kwenye chai. Umefikaje huku? Na hizo ndevu ni za nini?"

Desideri alimpita akaenda kanisani kwa katekista, Mzee Venansi, akauweka mzigo juu ya meza ya sakristia, akaeleza yote tangu mwanzo. Habari zikatembea. Kabla ya mchana wazee wengi wa mji walikuwa wamejaa pale nje, wale waliozaliwa Ludendele ya chini. Bibi mmoja kipofu aliomba ausogelee mzigo, akaipapasa kamba ile ya magome.

"Otilia," alisema. "Fundo hili ni la Otilia."

Hakuna aliyeuliza Otilia ni nani. Mjini ilikuwa ikisemwa kwamba alikwenda kuishi kwa kaka zake, wilaya ya mbali. Hakuna aliyewahi kuwauliza hao kaka zake. Wazee wale walitazama chini, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu siku ile ya kuhama wote walipita barabara ileile, na vitanda na mbuzi wao na magunia yao. Na palikuwa na mwanamke amesimama kando ya barabara anaomba kutwishwa.

Mzee Venansi alisema mazishi yafanyike Jumamosi, ili ndugu wa mbali wafike.

"Jumamosi ni mashindano," alisema Kastori, akimtazama rafiki yake.

"Najua," alisema Desideri.

Siku hiyo mji mzima ulikuwa makaburini. Wageni walioandaa mashindano hawakuweza kungoja, wakaanza na waliokuwepo. Wakati jeneza dogo linashushwa, sauti ya baiskeli nyingi ilipita barabarani nyuma ya ua wa makaburi, kama mvua ya ghafla, kisha ikaenda zake. Desideri alikuwa ameshika kamba upande wa kichwa. Hakugeuka. Aliyeshinda ni kijana wa mji mwingine, na kambini akaenda huyo. Walichimba kaburi la pili, dogo na tupu, kando ya lile la mtoto, wakaandika jina la mama yake. Wazee ndio waliofukia. Walikataa kusaidiwa na vijana, wakafukia wenyewe mpaka mikono ikawatoka malengelenge.

Je, Desideri alijuta? Nilimuuliza swali hilo aliyenipa hadithi. Akaniambia kuna siku anamwona amesimama barabarani akiwatazama wanaokwenda kambini, na uso wake si wa mtu mwenye furaha. Lakini hajawahi kumsikia akisema angefanya vingine.

Waendesha baiskeli bado wanaizunguka njia ile ndefu. Ni njia nzuri, na mzee yule hajaonekana tena. Ila asubuhi za ukungu, ukifika kwenye misonobari na kunguru wakanyamaza, utasikia mnyororo usio na mafuta unakuja nyuma yako. Watu wa Ludendele wakiusikia husimama, hata wawe na safari gani. Hujisogeza pembeni, na mmoja wao huita kwa sauti, "Shuka, kaka! Mama alishatwishwa! Shuka upumzike!"

Mnyororo huwapita ukaenda.

Mpaka leo hajashuka.

Funzo: Ukiombwa msaada ulio ndani ya uwezo wako, utoe hapohapo uliposimama. Wengi wetu tukisema "nikirudi" hatudanganyi. Tunaamini tu kwamba tukipita tena tutamkuta aliyetuomba palepale, na sisi tutakuwa bado tunajua kusimama.